Kifua cha Kusingizia

Jumatatu, 3 Machi
Sikio la kushoto limeziba tangu Ijumaa. Kliniki wamenipa tarehe ya wiki tatu mbele. Wiki tatu! Kwa bahati nzuri nina akili. Kitengo cha dharura hakipangi tarehe. Kesho naumwa kifua.

Jumanne, 4 Machi
Nimemburuta shemeji, kaka wa mke wangu, fundi bomba, anishike mkono kama mgonjwa mahututi. Tangu getini analalamika eti hajisikii vizuri. Mtu huyu! Nikiota jipu moja, yeye anaota mawili. Nikamwambia leo mgonjwa ni mimi, avumilie.

Ukumbi umefurika. Mshonaji nguo kajishona kidole. Mama mmoja ana jino linalomuuma mwezi mzima, leo ndiyo kapata ruhusa kazini. Mzee nadhifu haumwi popote, ila nyumbani hana wa kuongea naye. Wauguzi wanamwamkia kama babu yao. Kumbe kila mtu na mbinu yake!

Zamu yangu. Nikaugulia kwa ufundi mkubwa. Muuguzi akauliza maumivu yako upande gani. Sikusikia, nikajibu tangu Ijumaa. Akanitazama. Kisha akamtazama shemeji: jasho linamchuruzika, midomo imepauka.

"Wewe kaa chini," akaniambia. "Kaka, wewe njoo upesi."

Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakampeleka ndani mbio. Moyo. Wa kweli kabisa.

Nikabaki nimeshika viatu vyake. Nikakaa chini kama nilivyoambiwa. Hapo sikuigiza.

Jumatano, 5 Machi
Yuko hai! Daktari anasema angechelewa saa moja tu, tungekuwa na msiba. Mke wangu kalia begani kwangu. Anasema nilimwona kaka yake anaumwa nikamwahisha hospitali. Sikumsahihisha. Mimi ni nani hata nimbishie mtu anayelia?

Shemeji kanivuta karibu, kaninong'oneza jambo zito, machozi yakimlenga. Bahati mbaya, sikio la kushoto. Nikaitikia kwa kichwa, kwa busara.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: kifua! Kifua wana mashine ya kukipima. Kizunguzungu nani atakipima? Nimeanza mazoezi ya kuanguka sebuleni. Mara mbili za kwanza nilikuwa kama gunia. Ya tatu ilikuwa safi mno, mpaka mke wangu akapiga yowe na majirani wakaja mbio.

Kesho saa mbili asubuhi. Nivae shati jeupe, linaonyesha udhaifu.