Kisu cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe anastaafu Ijumaa. Jumamosi anatupeleka ziwani kuvua samaki. Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, kamnunulia fimbo ya kuvulia, ya dukani, inayojikunja. Anaitangaza utadhani kaiumba yeye! Mimi nitamtengenezea mzee kisu cha kuvulia kwa mikono yangu, na ala ya ngozi. Miaka tisa ananiita "yule mwingine". Basi. Mke wangu kauliza ni kitu gani nimewahi kutengeneza kikapona. Mafundi hatujibizani.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata msumeno mkongwe. Ni wa jirani, lakini umelala kwangu mpaka umenizoea. Tupa ya kusugulia chuma inakwaruza hadi magego yanauma. Hatimaye, umbo! Linafanana na samaki kuliko kisu. Nimeamua huo ndio mtindo.

Jumatano, 5 Machi
Chuma kikishaiva chekundu, huzamishwa kwenye mafuta kiwe kigumu. Mafuta yaliyokuwepo ni ya kupikia. Moto ukarukia pazia. Kisu kigumu kweli! Pazia hatunalo. Tumekula mkate mkavu, kila mtu kageukia ukuta wake.

Alhamisi, 6 Machi
Ngozi! Nimeikuta kabatini: mkoba wa mke wangu, haubebwi. Nimeukata, nimeulowesha, nikaufinyanga juu ya kisu, gundi bila uchoyo, nikashona. Vidole vimekuwa chujio. Jioni mke kauliza kama nimeona mkoba aliopewa na baba yake alipomaliza chuo. Anataka kuubeba Jumamosi. Nikasema humu ndani hakuna mkoba. Si uongo. Haupo tena.

Ijumaa, 7 Machi
Kisu hakitoki! Gundi imeingia ndani. Nimevuta kwa mikono, kwa miguu, nikakifunga kwenye mlango nikausukuma. Kitasa kimeng'oka. Kisu kiko palepale.

Jumamosi, 8 Machi
Ziwani, fimbo ilipigiwa makofi, ikatupwa majini papo hapo. Kisha zawadi yangu. Mzee akavuta. Akavuta tena. Akaigeuza ala, akaona ua lililochorwa kwenye ngozi, akamtazama binti yake. Binti yake akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo fimbo ikanasa samaki mkubwa. Akaja nchi kavu akirukaruka, mwanyumba akakimbia. Mzee akashika kisu na ala yake, akamgonga samaki kichwani. Akatulia. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akaniambia, "rungu kama hili sijapata kuliona!" Akasema tangu azaliwe hakuna aliyemtengenezea kitu kwa mkono. Akalichomeka kiunoni. Mwanangu! Nilijifanya moshi umeniingia machoni. Moto hatukuwa tumewasha.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu haongei nami, ila chai kaniwekea. Nimetafakari kwa kina, nimeona kosa langu: nilianza na kazi ndogo, ikanibana kipaji. Nitamshonea mkoba mpya, mkubwa, kwa mikono yangu. Mwanyumba anasafiri kesho, anatuachia gari lake tumtunzie. Viti vyake ni ngozi tupu!