Unga Mweusi na Nyusi Yangu ya Kushoto

Jumatatu, 17 Juni

Wiki ya kuamua. Ijumaa Bosi Amemiya anachagua nani aajiriwe moja kwa moja, mimi au Nakagomi. Nafasi moja, vichwa viwili, kimoja kizuri. Mama kashawaambia shangazi zangu wote kwamba nimepata. Sikumkatalia.

Nakagomi kamaliza chuo. Mimi shule niliiacha mwaka wa pili, kwa makubaliano. Walimu ndio waliochoka kwanza. Lakini miezi sita katika karakana hii ya mji wa Kofu, Japani, kila chupa naijua ilipo. Tunatengeneza unga mweusi, chembe za platinamu zilizokaa juu ya masizi. Unawekwa kwenye seli za haidrojeni, basi linatembea, linatoa maji badala ya moshi. Mama anadhani nauza masizi.

Mtihani wenyewe: kila mmoja apike gramu tano peke yake, na Alhamisi Bi Mochizuki azipime. Bi Mochizuki ndiye fundi mkuu. Ana miaka thelathini na unga huu, weusi wa vidoleni hautoki hata akienda harusini. Katuambia mara tatu kwamba unga ukishakauka ni maji kwanza, spiriti baadaye. Mara ya tatu alikuwa ananitazama mimi: Tetsuji, umesikia? Nimejibu nimesikia. Nimesikia kweli.

Jumanne, 18 Juni

Kupima masizi. Mepesi kuliko ahadi za mjomba wangu. Ukipumua tu, yameondoka. Nakagomi kavaa barakoa, kazima feni, anachota kama anamlisha mtoto mgonjwa. Feni ya upande wangu sikuizima, kwa joto hili la Juni. Robo ya masizi ikanihama. Sakafu nyeusi, mimi mweusi, chai ya Bosi nyeusi.

Nikaenda chooni kunawa. Kurudi, meza ya Nakagomi haina mtu, daftari liko wazi. Nikachungulia kidogo tu: kostiki, yale magadi makali, matone mangapi, moto digrii ngapi. Ana mwandiko mzuri, nusura nimsifu.

Kumbe nimetoka na ndara za chooni, zile ambazo ni mwiko kuvuka nazo mlango wa choo. Miguuni mwangu, katikati ya karakana. Na nyayo za ndara kwenye masizi zinaanzia mlango wa choo, moja kwa moja mpaka daftarini. Bi Mochizuki akazifuata ameinama kama anayetafuta sindano. Akauliza kwa sauti tamu, siku hizi choo nacho kinasoma? Karakana nzima ikacheka. La daftari wangelisahau. La ndara, watawasimulia wajukuu wangu.

Nakagomi hakucheka. Akasema kama nilitaka kusoma ningeomba tu, angenielekeza. Wema wa namna hiyo ni uchokozi.

Jumatano, 19 Juni

Kupika. Platinamu inakuja kama maji ya rangi ya chungwa, asidi kali. Unayamimina kwenye masizi yaliyolowana ndani ya glikoli, ile nzito wanayotia kwenye rejeta ya gari, unatia kostiki, unachemsha kutwa. Taratibu rangi ya chungwa inapotea. Hapo platinamu imeyaacha maji, imekwenda kukaa kwenye masizi. Kila nikiliona hilo nanyamaza. Na mimi kunyamaza si kawaida yangu.

Halafu kuosha. Unachuja, unatia tone la maji ya fedha kwenye yaliyochujwa. Yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi bado ipo, osha tena. Nakagomi kaosha mara kumi na nne. Mimi tisa. Ya tisa niliyaangalia kwa jicho moja, nikaona maziwa yenyewe mepesi, nikayaita maji.

Tumeweka ovenini mpaka asubuhi. Sahani yangu mbele, yake nimeisukuma pembeni.

Alhamisi, 20 Juni

Nyusi ya kushoto haipo. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi unga umekauka kabisa. Ili upimwe lazima ukorogwe uwe kama wino kwanza. Maji yanachelewesha: unga unayakataa, unaelea, unafanya vidonge. Spiriti inaingia mara moja. Nakagomi alikuwa anatia maji tone kwa tone. Nikasema moyoni, huyu atamaliza zabibu za jirani zikishavunwa. Nikamimina spiriti.

Kwanza nukta nyekundu, kama ncha ya dawa ya mbu. Bila kiberiti, bila cheche. Platinamu ikikutana na mvuke wa spiriti na hewa inawasha yenyewe, ndiyo kazi inayonunuliwa kuifanya. Nikainama nione vizuri. Puu!

Nakagomi akafunika bakuli kwa mfuniko wa chuma, polepole, kama anafunika wali. Mimi nikalikumbatia dumu la spiriti, lita kumi na nane, nikakimbia nalo mpaka nyuma ya mizabibu. Hapa tu niwe mkweli: nilikuwa naficha ushahidi. Dumu lisipoonekana, nani atajua nilianza na nini?

Kengele ikalia hata hivyo. Magari mawili ya zimamoto. Mtaa mzima nje, wengine na vijiti vya kulia mkononi.

Nikamweleza Bi Mochizuki kwamba unga wangu umewaka na wa Nakagomi umekaa tu, kwa hiyo wangu ndio wenye nguvu. Akasema hata wa Nakagomi ungewaka ukipewa Tetsuji. Akanipaka dawa ya kuungua, anapuliza, anatukana, anapuliza.

Ijumaa, 21 Juni

Ukileta zimamoto mtaani, unazunguka kuomba radhi. Bosi kavaa suti, kanunua maboksi tisa ya vitamutamu vya maharage, kanichukua. Nyumba tisa.

Ana miaka sitini na minane, mgongo mbovu, na kila mlango aliinama chini kuliko mimi. Bibi Furuya wa mizabibu alimwambia, inuka basi Amemiya, usije ukanivunjikia hapa. Kisha akaitazama nyusi yangu, akaingia ndani kucheka. Nyumba ya sita nikainama chini kuliko Bosi. Ya saba naye akashuka zaidi. Kifuani nilikuwa na kitu kizito. Nadhani njaa.

Njiani akaniambia nafasi ni ya Nakagomi. Nikasema ndiyo, Bosi. Nikawafikiria shangazi, mmoja mmoja.

Halafu akasimama. Akasema kaajiri watu thelathini na mmoja maishani, na moto ukitokea wote hukimbilia mlango mikono mitupu. Wewe, akasema, ulikimbia umekumbatia dumu. Lingeshika, tusingekuwa hapa. Ananiongezea miezi mitatu ya majaribio, chini ya Nakagomi, niwe naosha chupa. Unga ni marufuku kuugusa.

Pale pale ndipo palikuwa pa kusema ukweli. Nikainama. Ukiinama vizuri, uso hauonekani.

Jumamosi, 22 Juni

Nimempigia Mama, nimemwambia nimeongezewa. Kafurahi, hakuuliza nini.

Nakagomi kapita nyumbani na daftari jipya, kaninakilia kila kitu kwa herufi kubwa. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu, wa wino mwekundu. Sikuumaliza.

Nimejichambulia mwenyewe. Kosa la Alhamisi ni wingi. Nilimimina. Ningetia kijiko kimoja cha spiriti, ile nukta ingezimika yenyewe, na ningewatangulia wote kabla ya saa nne. Jumatatu Bi Mochizuki akienda kula, najaribu.

Bosi kanikataza kugusa unga. Kijiko hakukitaja.