Siku Ganda Ilipochoka kwa Pamoja

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo nimeona maajabu. Nilikuwa zahanati kumpima uzito Jaha, mwanangu, mtoto mchanga mwenye sauti ya honi ya lori. Akaja binti mmoja, Cynthia, mtafiti wa chuo kikuu, na kompyuta yake. Akatuonyesha mistari ukutani, inapanda, inashuka. Eti kila mstari ni jambo ambalo watu wa pwani huiuliza simu. Usingizi. Wasiwasi. Moyo kwenda mbio. Kulia bila sababu.

Majina haoni. Namba haoni. Anaona wingi tu, na upande yalikotoka maswali. Lo! Watu wanaiambia simu wasiyomwambia mama mzazi!

Mstari wa kukosa usingizi ulipanda kabla ya alfajiri, kila siku, kama maji yanavyojaa. Nikautazama hadi nikasahau nimebeba mtoto. Saa ile mimi hudhani niko macho peke yangu duniani. Kumbe tuko mji mzima.

Sasa shida. Mradi wao utaleta mshauri, mtu wa kukaa na kusikiliza watu. Ama kwetu Ganda, ama kijiji cha Kakuyuni, kutegemea mistari. Mstari wa Kakuyuni ni mlima. Wa Ganda? Sifuri! Cynthia akaeleza kwamba wakiuliza wachache mno, mstari hauchorwi, mtu asije akatambulika. Kwa hiyo sifuri si kusema hakuna.

Nani alisikia hayo? Wifi yangu Kabibi alikuwepo, dada wa mume wangu, mhudumu wa afya huko Kakuyuni alikoolewa. Akasema mbele ya watu eti Ganda hatuna huzuni, tuna uvivu. Kisha akanigeukia. Wifi, macho yako hayo yamevimba kwa kulala sana.

Kulala! Mimi!

Nimeamua. Mshauri atakuja Ganda. Ni kwa ajili ya biashara tu: nauza mahamri na mbaazi, na mtu akishalia huwa na njaa. Sababu nyingine sina.

Jumatano, 9 Julai

Kazi imeanza. Simu moja haiwezi kunyanyua mstari. Nikaazima ya mama mkwe, Hawe Mbeyu. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, nasi sote twamwita hivyo tangu Jaha azaliwe. Nikamdanganya nampigia Chengo, mume wangu, aliye kazini hotelini Watamu. Nikajificha jikoni. Nikaandika: kwa nini nalia bila sababu. Tena. Na tena. Mpaka Jaha akaamka na honi yake.

Sikujua simu ina kumbukumbu.

Mchana Hawe alitaka kutafuta nyimbo za kwaya. Alipogusa tu, simu ikamtangulia na maneno yangu. Akapiga ukelele. Simu imejua! Tangu mzee afariki hajamwambia mtu, sasa nani ameiambia simu?

Nilitaka kukiri, lakini nikamtazama kwanza. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, nazi mkononi, hakuni. Anasoma lile swali polepole, midomo inacheza. Mwanamke huyu hajawahi kulia mbele yangu! Hata matangani alikuwa akisimamia sufuria.

Akaniuliza ajibu vipi. Nikamwambia simu haijibiwi, Hawe, huulizwa. Akanitazama. Akasema basi toka jikoni, niiulize.

Nikatoka. Sikumpikia mtu chochote hadi alipomaliza.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya chama, barazani kwa Hafswa mshonaji. Nilikuwa nimewaagiza akina mama waje na simu. Kwetu boma zima hutumia moja, na aghalabu imo mfukoni mwa baba. Wengine walipewa. Wengine walinyang'anya.

Nikaueleza mpango. Hafswa akasimamisha cherehani. Akasema huo ni udanganyifu na Mungu anaona. Nikamwambia Mungu anaona, ndiyo, Cynthia ndiye haoni. Hoja ikapita.

Nikapiga makofi. Andikeni: nimechoka sana sina usingizi. Wote! Tena! Tukaandika alasiri hiyo kama kwaya inayofanya mazoezi ya Pasaka. Nilijiona jemadari.

Kisha nikasema yatosha, njooni chai, mahamri yanapoa.

Hakuna aliyeinua kichwa.

Kila mmoja ameigeuzia simu kifuani. Vidole vinakwenda, vinasimama, vinakwenda tena. Yule aliyenyang'anya simu ya mumewe anajipangusa pua kwa leso. Hafswa, aliyetuhubiria, amegeukia ukuta. Nimeuza mahamri miaka yote hii, sijaona yakipoa mbele ya akina mama wa Ganda! Nilitamani kunong'ona kama niko msikitini au kanisani.

Kwa kuwa bando lilikuwa limebaki, nami niliuliza langu moja. Ili lisiharibike tu. Mtoto amelala, mimi mbona silali?

Jumanne, 22 Julai

Siku ya matokeo. Zahanati imejaa, na Kabibi amevaa leso mpya ya ushindi. Cynthia akawasha picha zake. Ganda ina mti! Mmoja, umenyooka kama mnazi! Nusura nipige kigelegele. Nikamkonyeza Kabibi.

Cynthia akasema kwa upole kwamba Alhamisi alasiri Ganda yote ilichoka kwa pamoja, kwa maneno yaleyale, kisha ikapumzika kwa pamoja. Eti uchovu wenye nidhamu namna hiyo hajauona hata kwa askari. Akagusa kitufe. Mnazi chini!

Kabibi alicheka hadi leso ikamlegea. Akauliza kwa sauti ya mnada kama mnazi ule hauuzi mahamri. Hafswa akatazama dari. Mimi nikaanza kuzichunguza kucha za Jaha, moja moja.

Moyoni nilikuwa nimeisha. Kakuyuni ni mbali, na mtoto mgongoni. Nisingefika. Nasema biashara isingefika.

Lakini Cynthia akasema tusiondoke. Chini ya mnazi mna nyasi. Tangu alasiri ile Ganda inauliza yenyewe, saa tofauti, maneno tofauti. Si mlima, ila si sifuri tena. Kisha akatuonyesha maswali ya pwani nzima, ameyaweka kwa mafungu, yale ya wengi tu. Fungu kubwa kuliko yote: mtoto amelala, mama halali.

Langu! Nimefumaniwa!

Halikuwa langu. Lilikuwa la Watamu, na la Malindi mjini, na la Ganda. La Kakuyuni kupita kote. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Kila mwanamke ameinamia miguu yake kama aliyetajwa kwa jina. Ukumbi mzima! Sijaona kitu kikubwa kama kile, hata bahari.

Na Kabibi ameinamia yake. Naye ana mtoto wa mwaka jana. Akaja taratibu, akampokea Jaha mikononi mwangu. Akasema wifi, jinyooshe hapo benchi la nyuma, nitamshika. Hakunicheka.

Nikajinyoosha. Wanasema nilikoroma. Niliamshwa kuambiwa mshauri atagawanywa: Jumatano moja Ganda, Jumatano inayofuata Kakuyuni.

Jumatano, 6 Agosti

Mshauri amefika! Mama mtulivu, mwenye viti viwili na kitambaa cha kujifutia. Nikatega sinia langu mlangoni.

Hawe aliingia wa kwanza. Eti anamwulizia jirani aliyefiwa. Akakaa sana huko ndani. Hafswa naye ana jirani. Ganda tunapendana kweli.

Zamu yangu ikafika. Nikamweleza mshauri juu ya jirani yangu mwenye mtoto, asiyelala, anayempenda mwanawe na bado anatamani kukimbia. Nilimlilia sana yule jirani. Mshauri hakuuliza jina. Akasema mwambie jirani yako hajaharibika, na arudi. Nitamwambia.

Kutoka nje, sinia tupu! Hawe ameyagawa mahamri yote bure kwa waliotoka wakilia. Nilisema mimi, mtu akishalia huwa na njaa.

Foleni bado inafika langoni, na Jumatano ijayo mshauri ni wa Kakuyuni. Haiwezekani. Tunamtaka kila Jumatano. Nimeshawakusanya akina mama. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchoka kwa pamoja. Safari hii nimepanga kwa akili: kila mtu achoke kwa saa yake, aulize lake, kwa maneno yake mwenyewe.

Cynthia hatagundua kamwe!