Dali ya Choroko kwa Baba Mkwe Mtarajiwa

Jumatatu, 14 Julai 2025. Kibondo.

Siku ya kihistoria! Divine, muuguzi, binti wa Mzee Mpawenimana wa Nyakitonto, amenieleza kwa masikitiko kwamba baba yake amekatazwa nyama na samaki kwa sababu ya goti. Tangu hapo mzee amegombana na kila sahani. Kabichi ya kuchemsha aliitazama, akauliza nani amemwambia yeye ni sungura. Maharage anasema ameyala tangu azaliwe, sasa yeye na maharage hawana jipya la kuambiana.

Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia Divine, bila kutikisika, kwamba mimi ni mtaalamu wa mapishi ya Kihindi yasiyo na nyama. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikajibu: Upanga, Dar es Salaam, miongoni mwa Wahindi wenyewe. Huu si uongo. Katika miaka yote ya shahada yangu (Utawala wa Biashara, daraja la pili la juu) nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya familia ya Kigujarati, na kila jioni nilinusa mapishi yao kupitia dirisha la bafu. Kunusa kwa makini ni aina ya utafiti.

Matokeo: Jumapili mzee atapita kwangu kula chakula cha mchana, kwa kuwa Jumatatu ana kliniki hapa Kibondo. Divine akaongeza kwa sauti ya chini kwamba baba amechoshwa na wachumba wanaozungukazunguka. Safari hii atatamka ni nani atume mshenga.

Wachumba tuko wawili. Mimi, na Sylvesta, bwana shamba, mtu wa buti za mpira. Mwezi uliopita Sylvesta alimpelekea mzee migebuka minono, samaki wa ziwani, kutoka Kigoma. Goti likavimba wiki nzima. Mungu ni mwema.

Jumanne, 15 Julai

Sokoni. Choroko zilizoparazwa za dali, ule mchuzi mzito wa Kihindi, zipo. Manjano, jira, kitunguu saumu, ndimu, biringanya, vipo. Kotimiri, ipo, ingawa imenyauka kwa vumbi la barabara kuu. Mbegu za haradali, hakuna! Na video zote nilizotazama zinaanza na haradali kurukaruka katika mafuta ya moto. Bila haradali, mtu anakuwa amepika choroko tu.

Safina wa duka la viungo aliniuliza kama hiyo haradali ni dawa ya kuku. Nikamweleza kwa upole historia yake yote. Akaniomba nisogee kidogo, kuna wateja.

Ndipo elimu ikanisaidia. Nikakumbuka kwamba haradali na kabichi ni ukoo mmoja. Nikaenda duka la pembejeo, nikanunua pakiti ya mbegu za kabichi. Muuzaji akauliza nina shamba wapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba sina shamba, ni za kupikia wageni. Nyuma yangu mtu akakohoa. Sylvesta! Alikuwa amebeba bomba la kupulizia, ananikodolea macho. Wivu wa wazi kabisa.

Jumatano, 16 Julai

Mama Ernesta, mwenye nyumba wangu, ameifungua pakiti na kunionyesha kwamba mbegu zina rangi ya waridi. Zimepakwa dawa ya kuua wadudu, na nyuma ya pakiti imeandikwa zisiliwe. Nikamwambia nilikuwa najua. Akasema, “Ulikuwa unajua, Benedicto? Basi mwanangu una roho ngumu.” Akazichukua, akazipanda kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Haradali imeondolewa rasmi. Mapishi ya kisasa yanaelekea kwenye urahisi.

Leo nimetengeneza achari ya ndimu. Ndimu vipande vinne vinne, chumvi, manjano, pilipili, zote katika chupa ya kioo juu ya bati, jua lifanye kazi yake. Mwanamke wa kwenye video alisema vijiko viwili vya pilipili ya unga, na yake ilikuwa nyekundu na ya kupendeza. Mimi nimetumia pilipili kichaa ya hapa, vijiko viwili vilevile. Mama Ernesta alipita, akachungulia, akapiga chafya, akaniuliza kama nimeionja. Nikamwarifu kwamba achari haionjwi kabla ya kuiva.

Alhamisi, 17 Julai

Jaribio la dali. Mara ya kwanza ilikuwa majimaji. Mama Ernesta akasema chakula hicho anakifahamu, hupewa watoto wanaoachishwa ziwa. Sikukata tamaa. Nikaichemsha tena mpaka ikawa nzito, nikakaanga jira na vitunguu saumu pembeni, nikavimimina juu vikiwa vinachacharika. Tsss! Harufu ikatoka mpaka barabarani. Harufu ileile ya dirisha la bafu! Nilikaribia kulia.

Mama Ernesta alikula kwa ugali wa muhogo, akala tena, kisha akaifuta sufuria kwa tonge la mwisho. Biringanya nimezichoma kwenye mkaa na kuziponda kwa kitunguu. Mtindi nimeuchanganya na matango. Chatini ya kotimiri imetoka kijani kama sare za skauti. Mimi ni hodari!

Dosari moja. Mama Ernesta ameniasa kwamba Jumapili nisisahau kuonja kila chungu mbele ya wageni kabla hawajagusa. Eti kwa watu wa huku, awe Muha au mtu mwenye asili ya Burundi, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba chakula ni salama. Nikamkumbusha kwamba nilihudhuria semina ya adabu za mezani Dodoma, na kwamba mwenyeji mstaarabu husimama, hula mwisho, na huwa na kitambaa mkononi. Akaniuliza kama huko Dodoma nako kuna Mzee Mpawenimana.

Ijumaa, 18 Julai

Divine amepiga simu. Sauti yake ilikuwa ya wasiwasi. Aliuliza kama ni kweli nimenunua mbegu za kabichi. Ni dhahiri Sylvesta amepeleleza! Sikutaka kufichua kwamba haradali ilinishinda. Nikacheka kicheko kifupi cha siri, nikajibu kwamba matokeo yake atayaona mezani. Akaaga haraka, akakata simu. Nadhani alivutiwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefua kitambaa cha mkononi. Nimepiga pasi shati jeupe. Nimefanya mazoezi ya kusimama.

Jumapili, 20 Julai

Historia haina budi kuandikwa.

Wamefika baada ya misa, katika gari la kaka yake Sylvesta. Na Sylvesta ndani yake! Eti alimwonea huruma mzee na goti lake. Mzee ni mrefu, ana fimbo na koti zito, ananitazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Divine hakunitazama kabisa.

Meza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Dali ya dhahabu. Viazi vya jira. Biringanya, mtindi, chatini, chapati zilizofunikwa. Katikati, chupa ya achari, iking'aa kama taa. Nikawakaribisha. Nikasimama wima, kitambaa mkononi.

Hakuna aliyegusa.

Nikasema karibuni. Mzee akasema asante. Nikatabasamu. Akatabasamu. Mvuke wa dali ukaanza kupungua. Mama Ernesta, aliyekaa mlangoni akichambua mchele, alikuwa akinifanyia ishara kwa mdomo kama samaki. Sikumwelewa.

Hatimaye Mzee akasema, “Kijana, karibu na wewe.” Nikajibu kwamba mimi nitakula baadaye, ikibaki. Akatikisa kichwa polepole. Akauliza kama naumwa. Nikasema sina hata mafua. Akauliza basi kwa nini sili chakula changu mwenyewe. Nikamweleza kuhusu semina.

Hapo Sylvesta akakohoa. Akasema kwa heshima kubwa, ile heshima inayoudhi, kwamba hapendi kumsema mtu, ila Jumanne kwa macho yake aliniona nikinunua mbegu zenye dawa na kutamka kwamba ni za kupikia wageni. Divine akasema, karibu na machozi, kwamba hata yeye nilimwahidi kuwa matokeo ya mbegu hizo atayaona mezani.

“Mana yanje!” akasema Mzee, akimwita Mungu wake kwa lugha ya kwao, na kusogeza kiti nyuma.

Nikaona maisha yangu yanaondoka na kile kiti. Nikatangaza kwamba nitaonja, tena mbele yao wote! Nikanyakua kilichokuwa karibu zaidi, ambacho kilikuwa achari. Nikachota kijiko kilichojaa na kukitia kinywani.

Sijui niliandikeje. Kwanza ulimi uliwaka. Kisha masikio yaliziba. Machozi, makamasi, jasho, vyote kwa pamoja. Nilijaribu kusema “ni salama kabisa” lakini ilitoka sauti ya mbuzi. Nikaanguka juu ya magoti, nikatambaa mpaka kwenye mtungi wa maji, kitambaa bado mkononi. Nikasikia Divine akipaza sauti watu wanilaze kwa ubavu. Nikasikia Mzee akisema, “Mnaona? Sumu yake imemwahi mwenyewe!”

Mama Ernesta alikuwa anacheka kiasi kwamba hakuweza kunitetea.

Ndipo Sylvesta alipoinuka. Akavua kofia. Akasema kwamba mzee ametoka mbali, ana njaa, na goti linamsumbua, na haifai arudi hivyohivyo. Yeye bado ni kijana. Ataonja chakula chote kwa niaba ya ukoo, na likitokea la kutokea, Divine amwombee. Akakata chapati. Akachovya dali. Akafumba macho.

Akala. Akafumbua jicho moja. Akala tena. Akahamia kwenye viazi, akahamia kwenye biringanya, na alipoanza kujipakulia mtindi mara ya pili Mzee akamwambia kwa ukali, “We! Inatosha! Tumeshaona!”

Mzee mwenyewe akala sahani tatu. Aliichovya chapati mpaka bakuli la dali likawa kama limeoshwa. Akasema tangu akatazwe nyama hajakutana na chakula chenye heshima kama hiki. Nikiwa sakafuni, nikainua mkono kuonyesha kwamba mpishi ni mimi. Hakuna aliyeona. Mzee alikuwa ameshika bega la Sylvesta. Alikuwa akisema kwamba wengi humletea samaki, lakini hajawahi kupata mtu aliye tayari kufa kwa ajili ya tumbo lake. Basi huyu atume mshenga.

Jumatatu, 21 Julai

Sina ladha kinywani. Mama Ernesta amenionyesha kitalu. Mbegu zimeanza kuota, kijani, zote zilizopandwa. Ushahidi kamili wa kutokuwa na hatia! Nikamwomba amwite Mzee kutoka kliniki aje kuona. Akasema ataziacha zikue, zitafaa kwa mboga ya harusi.

Jumatano, 23 Julai

Heshima kubwa! Divine amekuja mwenyewe. Baba yake anaomba nipike dali, viazi na biringanya siku ya kupokea washenga wa Sylvesta, na anaomba, tafadhali sana, achari ibaki Kibondo. Aliniita “kaka”. Nimekubali mara moja. Mpishi huwa karibu sana na familia.

Aidha, nimearifiwa kwamba siku hiyo atakuwepo binamu yake, Akimana, mwalimu wa Buhigwe, hajaolewa, na baba yake ni mtu mkali anayeamua kila kitu. Nilipodadisi zaidi, Divine akasema binamu huyo anapenda sana chakula cha Kichina.

Nimemtumia Akimana salamu kwamba nimebobea. Upanga huohuo, kila asubuhi nikienda chuoni, nilipita mbele ya mgahawa wa Wachina, na siku nyingine mlango ulikuwa wazi.

Nitamwalika pamoja na baba yake. Nimefua kitambaa. Nitasimama.