Ami, Naomba Uichukue Mashine Yako ya Gemu

Vitongoji, Pemba
Ijumaa, baada ya sala

Kwa Ami yangu mpenzi Nabhan, pamoja na ahali zako wote huko Maskati,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, na mimi hasa nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Habari hizi ningekupa kwa simu kama watu wengine, lakini bando langu lote la mwezi limeliwa, na aliyelila ndiye ninayemshitaki kwako leo. Kwa hiyo barua hii nampa Bi Shariffa, jirani yetu anayesafiri wiki ijayo na halwa zake, akukabidhi mkononi.

Ami, ulituletea mashine mpya ya gemu iwe zawadi ya harusi. Ilifika nyeupe, inang'aa, hata Bi Mize, mama mkwe wangu, akadhani ni kifaa cha kukandia unga na akaanza kuisafishia pahala jikoni. Tulikuombea dua sote. Sasa, kwa heshima zote na kwa kukubusu mkono, nakuomba uichukue.

Usikasirike kwanza. Harusini hukuwahi kufika, kwa hiyo hujui fungate yetu ilianzaje.

Mimi na Soud tulioana kwa heshima zake. Tulikuwa tumeonana mara chache, tena mbele ya watu. Siku ya kwanza ya fungate tumefungiwa ndani nyumbani kwa mama, somo yangu aliyenifunda, Bi Mwanawema, yuko mlangoni na chetezo chake cha udi, na sisi tumekaa kama wageni wawili wanaomsubiri daktari mmoja. Chakula kinaletwa, tunakitazama. Soud akaniuliza kama nasikia joto. Nikasema nasikia. Mazungumzo yakaisha hapo. Ndipo akaiona juu ya kabati gemu yangu ya zamani, ile ya mpira uliyoniletea mwenyewe nikiwa darasa la tano, akauliza kama bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya, ila lazima igeuzwe juu chini ndipo isome CD, tena iegemezwe kwenye mbuzi ya nazi. Akacheka. Nikamfunga mabao sita. Akacheka zaidi, akasema kumbe ameoa balaa, na Bi Mwanawema huko nje akapiga kigelegele bila ya kujua kinachochekwa.

Mpaka leo, Soud akirudi kutoka Ole anakosomesha hesabu, tunasali alasiri, tunakunywa chai, tunacheza. Waya za pedi za kuchezea ni fupi, kwa hiyo hatuwezi kukaa mbalimbali hata tukinuniana. Mtangazaji wa mpira ule anasema kwa lugha ambayo hatuijui, lakini tumekwisha kuihifadhi yote, na Soud akipenda mchuzi wangu hunisifu kwa maneno ya mtangazaji huyo. Saa hiyo, Ami, ndiyo ndoa yangu. Iliyobaki ni kupika na kufua.

Na saa hiyo ndiyo mashine yako inayotaka kuninyang'anya. Mashitaka yangu ni haya:

1. Haiko tayari. Siku tulipoiwasha, Soud alikaa kushoto, mimi kulia, pedi mkononi. Ikatwambia tungoje, inajisasisha. Tukala, inajisasisha. Tukaosha vyombo, inajisasisha. Imetoka kwenye boksi siku hiyo hiyo na tayari imepitwa na wakati! Bando langu likaisha, na hapo ilikuwa haijafika nusu, Soud akaimalizia kwa lake. Gemu ya zamani ukiibonyeza inawaka, kama mke mwema akiitwa.

2. Inauliza mno. Shehe alipokuja kuniuliza ridhaa yangu ya ndoa, aliuliza neno moja tu. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa, na kunyamaza kwangu kukatosha, watu wakala pilau. Mashine hii iliniletea kurasa na kurasa za masharti, kisha ikaniuliza kama nakubali. Nikanyamaza. Nayo ikanyamaza. Tukatazamana hivyo mpaka muhogo ukaungua jikoni. Soud akaja kuniambia kwamba hii haifahamu haya za mwanamwali, inataka kubonyezwa. Mimi, Ami, kusema nakubali kwa kidole, mbele ya mume wangu, sikuweza. Akabonyeza yeye.

3. Inaalika watu halafu inauza nyama mlangoni. Mchezo umenunuliwa, lakini jezi nzuri zinauzwa kwa bei yao mbali, wachezaji hodari mbali, hata namna ya kushangilia bao inauzwa. Katika gemu yetu, kila aliyemo ni wetu. Mfungaji wetu nasikia ameshastaafu huko duniani na ana kitambi, lakini kwetu bado anakimbia.

4. Haisimami. Hili ndilo lililotugombanisha na Bi Mize. Tulikuwa tunacheza na watu wa mbali kwa kupitia mtandao, karafuu zimeanikwa uani, mara mvua. Kila mtoto wa Pemba anajua, mvua ikidondoka kwenye karafuu unaacha hata swala ya sunna, unakimbilia majamvi. Gemu ya zamani ningeisimamisha kwa kidole kimoja, wachezaji wote wakaganda na miguu juu, nikaanua, nikarudi nikawakuta. Hii nikabonyeza, nikabonyeza, haisikii. Bi Mize huko nje anapiga kelele, anauliza kama huo mpira wenu ndio utakaolipia karafuu. Tukatoka mbio. Tuliporudi tumerowa, tumekuta tumefungiwa kucheza kwa kosa la kutoroka! Mimi, Yumna binti wa watu, natoroka? Nimeokoa karafuu za mama mkwe nikaandikwa mkimbizi.

5. Nyuso zao zimezidi uzuri. Wachezaji wetu wa zamani wana sura za pembe nne kama vibiriti, na mikono isiyo na vidole. Mtu anawatazama kwa ajili ya mpira tu. Hawa wapya wanatoka jasho, wanapumua, ndevu zimechongwa. Yupo beki mmoja ambaye Soud alinikuta nikimtazama wakati mpira uko upande wa pili kabisa. Mimi ni mke wa mtu, na ndoa yangu bado inanukia udi. Haifai.

6. Inaingiza wanaume chumbani. Nimekaa kichwa wazi, nasuka nywele, mara sauti ya mwanamume nisiyemjua inatoka ndani ya televisheni, inasalimia kwa Kiingereza na kuuliza tuko wapi. Niliifunika televisheni kwa kanga. Soud akamjibu yule bwana kwamba hapa pana wenyewe.

Wala usidhani ni sisi peke yetu. Talib, fundi wa redio wa Chake Chake, ananiambia kwamba vijana wa Tumbe wakimaliza kuuza samaki humpelekea gemu za zamani azifufue, na zile mpya wamezifunika vitambaa majumbani kama cherehani. Watu husema kwamba sisi tunaopenda gemu za zamani tunalilia utoto wetu. Si kweli. Utotoni nilicheza na kaka yangu Moosa, mwizi wa mabao, na sitamani kurudi huko. Ninachokipenda ni kwamba gemu ile imekwisha kutengenezwa. Walioitengeneza waliimaliza, wakaifunga, wakenda zao kulala. Haitaki kitu tena kwetu, haituitii mtu, haituhesabii. Inatuacha wawili.

Kwa hiyo, Ami, maombi yangu ni matatu. Kwanza, mashine irudi kwako. Pili, wewe unayekaa barazani na wafanyabiashara wakubwa, wafikishie watengenezaji kwamba wasitoe gemu mpya yoyote mpaka walimwengu wamalize za zamani. Nakisia miaka hamsini itatosha, kwa kuwa Soud bado hajanifunga hata siku moja. Katika muda huo viwanda vyao vinaweza kutengeneza kitu chenye maana, kama vile mbuzi za nazi. Tatu, naona bora mashehe wakiozesha wamuulize bwana harusi kama anayo mashine inayojisasisha. Akiwa nayo, nikaha isimame mpaka imalize. Najua ndoa nyingi zitachelewa, na nyingine watu watazeeka wakingoja, lakini bora kukawia kuliko kuolewa na mtu aliyefika asilimia arubaini.

Nisalimie Bi Raniya, umwambie kitenge chake nimekishona na kimenikaa. Nisalimie watoto, majirani, na yule paka. Bi Mize anakusalimu sana, naye bado anaulizia ule unga. Soud anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia nini.

Nakuacha katika hifadhi ya Mola, mimi mwanao nikubusuye mkono,

Yumna, mke wa Soud (sijachoka bado kuliandika hili)

Nyongeza: Ami, usiichukue! Soud aliingia nilipokuwa natia saini, hata viatu hakuvua. Amechaguliwa kwenda Unguja kusoma, miezi mitatu, na boti ni Jumapili. Nimelia, kisha nimeosha uso nikafikiri. Gemu yetu ile haifiki hata uani. Hii yako inafika Unguja, na mtu anasikika anavyocheka. Nimekwenda kwa Talib, nimenunua bando kubwa kuliko yote, na ile nakubali, iliponiuliza tena, nimeibonyeza kwa kidole changu mwenyewe, mara mbili, ili ihakikishe. Tafadhali mpe Bi Shariffa nyingine, mpya kupita zote zilizopo dukani, akirudi aishushe Unguja kwa Soud. Na wale watu wa viwandani waambie waendelee na kazi, tena wasilale.