Mgonjwa Wangu wa Jumatano

Jamani, leo nimefedheheka! Nawaandikia rafiki zangu wa Kipini leo hii hii, barua iwahi lori la kesho, kabla hamjayapata kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mwajua mimi ni dresa mwanafunzi, msaidizi wa daktari, kwenye zahanati hapa Garsen. Tuko watatu: mimi, Komora mzaliwa wa hapa, na Guyo, mtoto wa wafugaji. Daktari mkubwa huja mara moja kwa mwezi, tena barabara ikikauka. Siku nyingine twafundishana wenyewe. Kila Jumatano mmoja anampima mgonjwa, wawili wanatazama. Ukiona mwenzako anakosea, humkatizi. Unaandika kwenye karatasi, inasomwa mwishoni. Kanuni hiyo niliitunga mimi. (Kichwa ninacho, hilo hamwezi kulikana.)

Tena mwajua mjomba amenipelekea posa kwa Zainabu, binti wa hapa. Nampenda binti yule, sifichi. Wiki mbili tunangoja jibu na chakula hakinipiti. Wazazi wake sijawaona hata siku moja, mambo yote anayo mjomba.

Basi leo ilikuwa zamu yangu. Akaingia mama mmoja, kajitanda leso mpaka puani, anakohoa. Nikamkaribisha kitini. Nikawageukia wenzangu: "Tazameni vizuri. Mgonjwa haonewi haya. Ukimwonea haya, humtibu."

Nikaanza.

"Mama, umezaa mara ngapi?"

"Saba."

"Tumbaku watafuna?"

Akaivuta leso mdomoni.

"Watafuna, nimeona meno." (Nilikuwa nimemfungulisha mdomo.) "Na choo chatokaje? Kigumu au chepesi?"

Komora akakohoa. Nikamwambia mgonjwa ni mmoja tu humu.

"Usiku walala na nani chumbani?"

"Mwanangu," akasema mama, "hayo nayo mwaulizana?"

"Hapa twaulizana yote! Mumeo, mwalala kitanda kimoja?"

Komora akasimama. "Ndugu, huyu mama..."

"Andika!"

"Lakini ndugu yangu..."

"Komora, kanuni ni kanuni. Andika!"

Akaketi, akaandika. Aliandika mbio mbio, na mimi nikadhani ni elimu inamwingia. Nikaweka kipimo cha kusikilizia mgongoni kwa mama, juu ya leso. Nikafumba macho kama afanyavyo daktari mkubwa. Nikatangaza: "Pafu la kushoto lina sauti mbaya. Dawa ya chupa wiki mbili, na tumbaku ife leo!"

Hapo nikajiona nimemaliza kazi. Nikazikusanya karatasi, nizisome kwa sauti mbele ya mgonjwa mwenyewe, apate kujua yuko mikononi mwa nani.

Ya Guyo: "Umesikiliza leso, hukusikiliza pafu. Kitambaa ndicho kilichokwaruza."

Nikacheka kidogo. Makosa ya kawaida. Nikafungua ya Komora, sauti bado iko juu:

"Huyo ni mama yake Zainabu."

Jamani! Sauti niliyoanza nayo sentensi siyo niliyomaliza nayo. Mkwe wangu! Mwanamke ambaye nikimwona njiani yanipasa niinamishe macho na kupisha, nimemchungulia meno na kumuuliza habari ya choo! Nikatafuta pa kuingia, na meza ya dawa ni fupi.

Mama akashusha leso, akanitazama.

"Kikohozi sina, mwanangu. Nilikuja kukutazama. Mjomba wako ametuapia kuwa kijana wake ana haya, hata kumtazama mtu mzima usoni hawezi."

Akajifunga leso yake, akaondoka polepole. Guyo alikuwa chini ya dirisha, analia kwa kicheko. Komora peke yake ndiye aliyenihurumia. Nikamwomba amfuate mama, aniombee radhi kwa magoti yote mawili. Nilikaa pale nikijua Zainabu amekwenda, na sitadanganya, machozi yalikuwa karibu.

Komora amerudi sasa hivi. Mama amecheka njia nzima mpaka mlangoni kwake. Amesema mume anayeuliza sana ni afadhali kuliko asiyeuliza kitu. Binti wanatoa! Ila kuna sharti moja, na limesemwa mbele ya baba: siku mama akiugua, apelekwe hospitali Malindi, hata mto uwe umefurika.

Mke nimempata, mgonjwa nimempoteza. Mkinijibu, nipongezeni kwanza. Kicheko kimalizeni huko huko Kipini.