Kidonge Kilichomfanya Mke Wangu Hakimu

Musonoi, Kolwezi

Kwa Dokta Mianda, munganga wa mifupa

Dokta wa heshima,

Mimi ni Feruzi, dereva mstaafu wa malori na shefu wa avenyu yetu hapa Musonoi, msuluhishi wa kesi za majirani. Ni mume wa Mama Mwanvua, yule uliyemfunga plasta baada ya kuvunjika mkono akigeuza bukari, ugali wetu. Sikuandikii kwa hasira. Nakuandikia kwa sababu dawa uliyompa imeniondoa kazini, na naamini hukukusudia.

Nakumbuka vizuri ulivyotueleza. Ulisema damu haikubali kukosa kalsiamu hata siku moja, maana moyo na misuli haviendi bila hiyo. Ikipungua, tezi nne ndogo kama punje za mchele, zilizojificha shingoni, zinatuma amri kwenye mifupa: toeni. Basi mfupa unabomolewa kidogo kidogo ili damu ipate haki yake. Ukasema ni kama Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe; nyumba imesimama, lakini usirukeruke ndani. Mke wangu akauliza kama hao wa shingoni wana kibali. Ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Ukampa kidonge cha kuwalaza wanaobomoa mfupa, ili wanaojenga wapate nafasi. Kimoja kwa juma, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Kisha akae wima nusu saa: asilale, asiiname, asile, asinywe chai, kwa kuwa kidonge kikirudi juu kinaunguza koo. Ukaongeza, kwa wema wako, kwamba akae nje apate jua, maana jua husaidia mwili kuchukua kalsiamu ya chakula. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, nami naitaja kwa mpangilio.

1. Chai. Mama Mwanvua alichagua Jumamosi, siku ya posho. Baada ya sala ya alfajiri anameza kidonge, anatoka, anakaa kwenye kiti mbele ya mlango, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kwa kuwa yeye hanywi, nami naona aibu kunywa mbele yake. Hili ningelivumilia.

2. Mtu aliyekaa wima nje asubuhi, hali kitu wala hafanyi kitu, anaonekana yuko kazini. Wa kwanza kusimama mbele yake walikuwa Mama Mbombo na Tata Tshilombo. Mbuzi wa Tshilombo alikula kikwembe cha Mbombo, na kesi hiyo nilikuwa naisikiliza mimi tangu kiangazi kilipoanza, kwa uangalifu, kwa chai na mikate. Siku hiyo walikuwa wanapita tu kuja kwangu. Mke wangu akauliza kikwembe kilianikwa wapi. Mbombo akajibu kwamba kilikuwa chini, kwenye majani. "Basi Tata Tshilombo, funga mbuzi yako. Mama Mbombo, anika bilamba juu. Muende sasa, mi niko na njala." Wakaenda. Wakaenda pamoja, Dokta, wakicheka. Mimi nilikuwa ndani natafuta sukari.

3. Juma lililofuata kulikuwa na foleni.

4. Nimechunguza siri ya hukumu zake, na nimegundua si hekima. Ni maagizo yako. Haruhusiwi kujinyoosha kitandani, kwa hiyo hakimbii kesi. Haruhusiwi kula, kwa hiyo hahongeki kwa mkate. Ana njaa, kwa hiyo hataki hotuba. Nusu saa ikiisha anaingia ndani kula dagaa, na asiyesikilizwa arudi juma lijalo. Basi watu wamejifunza kusema ukweli mapema. Hata mgodi ukilipua miamba na madirisha yetu yakatetemeka, yeye hageuki, kwa kuwa ulimwambia akae wima. Watu wanaona ni ujasiri. Shefu wa kartie mwenyewe, mkubwa wangu, alileta kesi yake na mkwewe, akavua kofia.

5. Hili linaniumiza kuliandika. Jirani yetu Louis alinishtaki mimi. Lori langu la zamani lilisimama mbele ya geti lake, likaziba mfereji, na mvua ikinyesha maji yalikuwa yanaingia sebuleni kwake. Nilidhani ndoa ingenisaidia. Mke wangu akaniuliza, "Tata Feruzi, motokari itatoka lini?" Nikasema nikipata betri. Akauliza nimeitafuta wapi. Nikasema bado sijaanza. Akaamuru lori lisukumwe, na avenyu nzima ikasukuma, wanakwaya pamoja na watu wa msikiti wetu, nami nikashika usukani kwa kuwa lilihitaji dereva. Walinipigia makofi. Ni vigumu kupigiwa makofi ukiwa umeshindwa.

Sitaki kuficha la haki. Kabla ya dawa alikuwa anatembea akishika ukuta, akiogopa hata kizingiti cha mlango wetu. Sasa anavuka barabara peke yake kati ya pikipiki. Lakini tulikuja kwako kutibu mfupa, hatukuja kuomba mahakama.

Kwa hiyo naomba. Nesi wako Fifi aliniambia ipo sindano ya ugonjwa huu inayochomwa mara moja kwa mwaka. Mchome hiyo, mahakama itakaa mara moja kwa mwaka, kama tulivyozoea. Ikishindikana, tafuta kidonge kinachomezwa mtu akiwa amelala, gizani, amefunika uso. Hicho nacho kikikosekana, ziandikie zile tezi nne barua yenye muhuri, uzikataze kuchimba. Nami nitatia sahihi chini yako, kwa kuwa shingo hiyo iko katika avenyu yangu.

Nisalimie Fifi, mlinzi wa mlangoni, na wagonjwa wote wa kwenye benchi. Waliovunjika miguu wasisimame kwa ajili ya salamu yangu.

Ni mimi ninayetegemea huruma yako,
Feruzi
Shefu wa avenyu (isipokuwa Jumamosi)

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani, na dawa ikaisha, na duka la dawa halina nyingine. Jumamosi Mama Mwanvua alibaki kitandani. Nilipomwita alitoka akishika ukuta. Najua mfupa haulegei kwa juma moja. Ni woga tu, lakini sikupenda kuuona tena. Watu walikuja, wakakosa wa kuwasikiliza, wakaniletea mimi kesi zao. Nilikaa mpaka adhuhuri. Chai iliisha, mikate iliisha, na mwishowe walikuwa wanagombana hata waliokuja kusalimia tu. Dokta, futa yote niliyoandika hapo juu, utume kidonge kilekile kwa pikipiki ya kwanza. Nimeahirisha kesi zote mpaka kifike. Pande zote zilikubali papo hapo. Tangu niwe shefu, hiyo ndiyo hukumu yangu ya kwanza ambayo hakuna aliyeipinga.